Kovu kama mkufu

Ukitoka Mombo kwenda Same, dereva hajapata hata nafasi ya kuweka gia ya mwisho, unafika Mazinde. Kushoto ni mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yachoke. Kulia ni ukuta wa milima ya Usambara, umeikaribia barabara mno hata mgeni huinama dirishani akitafuta kilele chake. Karne ya 19 Semboja, mtawala wa ukoo wa Kikilindi, aliona faida ya mahali hapa. Wakilindi wenzake waling'ang'ania milima, yeye akaweka makao yake chini, njia ya misafara ilipopita, na bunduki na nguo zikawa zinapitia mikononi mwake. Hadi leo Mazinde ni mlango. Bidhaa za dukani hupanda, mazao hushuka. Na wagonjwa nao hushuka.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wa walioshuka. Alikuwa na rovu, ambalo siku hizi watu wengi wanaliita goita. Lilianza kama yai la kanga, likafika ukubwa wa embe dodo, na kwa miaka karibu kumi na mitano alilifunika kwa kitenge alichokizungusha shingoni hata kwenye jua la Januari. Kulikuwa na chale pande zote mbili, kazi ya mganga fulani, ambazo hazikupunguza kitu. Usiku alilala amekaa nusu, mito miwili mgongoni, maana akilala chali alihisi mtu amemkalia kooni. Nikimwambia twende hospitali, jibu lake lilikuwa moja: nani ataimba sauti ya kwanza? Alikuwa mwanakwaya. Alikuwa amesikia kwamba wanaokatwa shingo hurudi wananong'ona.

Nilimwona mkaidi. Nimekuja kusoma baadaye kwamba hofu yake ilikuwa na historia ndefu kuliko yeye na mimi tulivyojua.

Mwaka 1850 wakuu wa tiba jijini Paris waliulaani upasuaji wa rovu. Rovu ni tezi ya shingoni, thairoidi, iliyovimba, nayo ina damu nyingi mno, na ukiigusa vibaya mgonjwa anakwisha mezani. Theodor Billroth, mmoja wa wapasuaji wakubwa wa karne ile, alipokuwa Zurich alipoteza karibu wagonjwa wanne katika kila kumi, akaiacha kazi hiyo kwa miaka mingi. Uswisi ya wakati ule, lazima tukumbuke, ilikuwa nchi ya marovu. Milima, mvua, udongo ulioshwa, watu wanaokula kile tu kinachoota bondeni mwao. Ukiondoa theluji, Msambaa angejiona nyumbani.

Katika nchi hiyo, mjini Bern, mwaka 1872 alipewa uprofesa kijana wa miaka 30 aitwaye Theodor Kocher. (Tusimchanganye na Robert Koch wa vijidudu. Huyo ndiye aliyefika kwetu, akapanda Kwai, Usambara Magharibi, mwaka 1898 akichunguza malaria. Kocher hakuja.) Kocher alikuwa mtu wa dini na mtu wa polepole. Wenzake walijisifu kwa kasi ya mkono, yeye alifunga mshipa mmoja mmoja kabla hajaukata, akafanya kazi kwenye kidonda kisicho na damu. Wengi aliwapasua kwa ganzi ya kokeini badala ya nusu kaputi, mgonjwa akiwa macho, na kila baada ya muda alimwomba aseme neno. Sauti ikibadilika, mkono unasimama. Yeye pia ndiye aliyezoeza wapasuaji kukata kwa mstari wa kupinda, chini ya shingo, mahali mkufu unapolala, ili kovu lifichwe na mikunjo ya ngozi.

Wagonjwa wake walipona, vifo vikashuka mpaka chini ya mmoja kwa mia. Hapo ndipo hadithi yake inaponivutia zaidi, kwa sababu mafanikio hayo yalificha balaa. Mwaka 1874 alimwondolea msichana wa miaka 11 tezi yote. Kidonda kilipona vizuri. Baadaye daktari wa kwao akatoa taarifa kwamba binti amebadilika: mzito, mvivu wa kufikiri, uso umevimba, na mdogo wake amempita kwa kimo. Kocher hakulifukia jambo. Aliwaita wagonjwa wote aliowaondolea tezi nzima. Walikuwa 34, akafanikiwa kuwaona 18, na 16 kati yao walikuwa wameharibika vilevile. Aprili 1883 alisimama mbele ya mkutano wa wapasuaji wa Kijerumani akaeleza alichowafanyia watu wake, na akasema hatarudia. Kutokana na kosa hilo dunia ikaelewa tezi hii ina kazi gani. Mwaka 1909 akapewa tuzo ya Nobel, mpasuaji wa kwanza kuipata.

Mmarekani William Halsted, aliyewatazama wote wawili wakifanya kazi, alijiuliza kwa nini wagonjwa wa Kocher walipumbaa na wa Billroth walikakamaa mikono na miguu. Jibu lilikuwa mikononi mwao. Kocher, msafi na mtaratibu, aliondoa tezi yote asibakize hata chembe, lakini jirani zake hakuwagusa. Billroth, mwenye haraka, aliacha vipande vya tezi nyuma, ila aling'oa vijitezi vingine vinne vilivyojificha mgongoni mwake, kila kimoja kama punje ya choroko. Vijitezi hivyo ndivyo vinavyotunza kalsiamu ya damu. Vikiondoka, midomo inachonyota, vidole vinajikunja, misuli inabana. Na vina historia ya ajabu: mtu wa kwanza kuviandika hakuviona kwa binadamu. Richard Owen aliviona kwenye kifaru wa India aliyefia katika bustani ya wanyama ya London, akatoa taarifa mwaka 1850. Ilichukua miaka 30 mpaka mwanafunzi mmoja wa Uppsala, Ivar Sandström, alipovikuta kwenye shingo ya mtu.

Basi jipimie mwenyewe. Weka kiganja shingoni. Chini ya hicho kiganja kuna tezi yenye umbo la kipepeo, vijitezi vinne nyuma yake, mishipa mikubwa ya damu kila upande, na neva za sauti nyembamba kama uzi wa cherehani. Inasemwa kwamba Amelita Galli-Curci, mwimbaji mashuhuri wa opera, alipoteza noti zake za juu baada ya kupasuliwa rovu mwaka 1935, ingawa wengine wanashikilia kwamba sauti ilikuwa imeshaanza kuchoka kabla ya kisu. Shangazi hakuwahi kumsikia Galli-Curci. Walikuwa na wasiwasi mmoja tu.

Kazi ya namna hii inataka mtu anayeifanya kila siku. Tazama India: kwa miaka mingi huko, kama kwetu, ilikuwa kazi ya mpasuaji wa kila kitu: asubuhi ngiri, mchana kidole tumbo, jioni rovu. Aliyebadilisha hali hiyo ni Profesa Saroj Kanta Mishra. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika taasisi ya SGPGI jijini Lucknow, alianzisha idara inayoshughulika na upasuaji wa tezi za homoni peke yake: thairoidi, vile vijitezi vinne, tezi za juu ya figo, na uvimbe wa kongosho. Haikuwepo idara kama hiyo India. Leo kusema umeanzisha idara ni maneno ya kawaida kwenye wasifu wa mtu. Wakati ule maana yake ilikuwa kumshawishi kijana aliyemaliza upasuaji wa jumla, ambaye angeweza kufungua kliniki yake na kula vizuri, arudi darasani kusomea tezi.

Lucknow haikuwa mahali pa bahati nasibu. Iko katika tambarare zinazopakana na Himalaya, ukanda uliojulikana kwa marovu. Wagonjwa waliofika pale hawakufanana na wale wa vitabu vya Ulaya. Walifika wamechelewa, na marovu ya miaka ishirini yaliyosukuma koromeo upande. Wenye ugonjwa wa vile vijitezi vidogo walikuwa hatua mbaya zaidi. Ulaya na Marekani ugonjwa huo ulikuwa ukigunduliwa kwa kipimo cha damu, mtu hajisikii kitu. Mishra na wenzake waliandika mwaka 2001 kwamba wa kwao walikuja wamevunjika mifupa, wengine hawawezi kusimama, kwa sababu kalsiamu ilikuwa imenyonywa mifupani kwa miaka na vitamini D yenyewe haba. Somo lilikuwa kwamba kitabu cha London hakimtoshi mgonjwa wa Lucknow. Mishra huyohuyo akawa miongoni mwa waasisi wa tiba kwa njia ya mawasiliano nchini mwake. Miaka ya mwanzo ya 2000 hospitali yake iliunganishwa kwa satelaiti na chuo cha udaktari cha Cuttack, mashariki mwa India, ili mgonjwa asipande treni siku mbili kwa ushauri wa nusu saa.

Kwetu njia hiyo bado ni nyembamba. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, kuna kitengo cha upasuaji wa matiti na tezi. Chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha, kinafundisha wapasuaji. Lakini rovu la mwanamke wa mlimani kwa kawaida huishia kwa mpasuaji wa jumla au daktari wa koo, ambaye siku hiyohiyo ana ajali ya bodaboda inayomsubiri. Shangazi aliahirishiwa mara tatu katika hospitali moja, mara ya mwisho akiwa ameshanyimwa chakula tangu usiku. Sikulaumu sana, maana niliiona foleni kwa macho yangu.

Sasa niseme jambo ambalo wapasuaji wenyewe wanalijua: kisu hakijawahi kumaliza rovu katika nchi yoyote. Rovu la Uswisi halikumalizwa na Kocher. Nchi hiyo ilianza kutia iodini, ambayo upungufu wake ndio huleta rovu, kwenye chumvi mwaka 1922, yeye akiwa ameshafariki miaka mitano.

Na hapa India inarudi tena, safari hii kwa mtu asiyeshika kisu cha upasuaji. Vulimiri Ramalingaswami alikuwa mtaalamu wa patholojia, mzaliwa wa Srikakulam, aliyesomea Visakhapatnam kisha Oxford, na baadaye akaongoza taasisi kuu ya tiba ya Delhi, AIIMS. Mwaka 1956 yeye na wenzake waliingia bonde la Kangra, chini ya Himalaya, wakaligawa maeneo matatu. Mawili yalipelekewa chumvi yenye iodini, ya aina mbili tofauti. La kati likabaki na chumvi ya kawaida. Walipoanza, watoto wa shule wenye marovu walikuwa karibu 38 kwa mia kila mahali. Mwaka 1962 maeneo mawili yalikuwa yameshuka chini ya 20 kwa mia. La kati halikushuka hata kidogo. Chumvi ya iodini ikaanza kupelekwa huko pia, na rovu likafuata mkondo uleule.

Ukinisikia nasifu, nina sababu. Jaribio lile halikuhitaji mtu hata mmoja kubadilisha anachopika. Kiasi cha iodini anachokihitaji mtu mzima ni mikrogramu 150 kwa siku. Kusanya ya maisha yote, hakijai kijiko cha chai.

Tanzania ilipita njia yake. Mwaka 1986, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe, vilianza kugawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya 27 zilizokuwa na hali mbaya zaidi. Vilikuwa vya kuvusha tu, wakati nchi inajipanga kwenye chumvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja chumvi yenye madini joto, yaani iodini, jina ambalo kila aliyesoma shule ya msingi wakati ule analijua kwa sababu ya mabango. (Joto halimo. Bibi mmoja aliniambia yeye huiweka mbali na watoto wenye homa.) Wakulima wa chumvi wa pwani, wale wadogo wenye mabwawa yao, walilazimika kujifunza kupulizia dawa kwenye rundo jeupe na kulichanganya kwa sepetu.

Mwaka 2004 ukafanyika uchunguzi wa Tanzania Bara yote. Fikiria darasa: mtoto anakuja na chumvi ya nyumbani kwao kwenye kipande cha karatasi ya daftari, mpimaji anaidondoshea tone moja, na chumvi ama inageuka buluu ama inabaki nyeupe. Walipima hivyo sampuli 131,941. Buluu ilitokea kwa 83.6 kwa mia. Wakapapasa shingo za wanafunzi 140,758. Katika tafiti za miaka ya nyuma wastani wa marovu ulikuwa karibu robo ya watoto, sasa ulikuwa 6.9 kwa mia. Katika zile wilaya 27 ilitoka 61 ikafika 12.3. Sijui mradi mwingine wa afya nchini ulioleta tofauti kama hiyo kwa kelele kidogo namna ile.

Nilikuwa nikidhani rovu ni letu sisi watu wa milimani, mpaka nilipokutana na takwimu za Zanzibar. Visiwani, bahari pande zote na samaki kila siku, nani angeangalia shingo? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha marovu kwa 21 kwa mia ya wanafunzi Unguja, na 32 Pemba. Nyumba zenye chumvi ya madini joto Pemba zilikuwa moja kwa mia. Wapemba huvuna chumvi yao wenyewe, na chumvi ya bahari ikikaushwa juani haibaki na iodini ya maana. Kumbe mtu anaweza kukaa na bahari mlangoni akapungukiwa sawasawa na yule wa kileleni.

Ubaya wa upungufu huu hauishii shingoni. Ubongo wa mtoto hujengwa tumboni kwa homoni ya tezi hiyohiyo. Mwaka 2009 wanauchumi watatu, Erica Field na wenzake, walifuatilia vile vidonge vya Tanzania wakakadiria kwamba watoto ambao mama zao walivipata wakati wa mimba walisoma theluthi hadi nusu ya mwaka zaidi, wasichana wakinufaika kuliko wavulana. Wengine wamerudia hesabu hiyo wakakuta msingi wake si imara. Mimi si mtakwimu. Ila kila nikiona wasichana wa sekondari ya Mazinde Juu wameteremka na sanduku zao kusubiri basi, huwaangalia shingo bila kukusudia. Laini zote. Mama wa baadhi yao, waliokuja kuwapokea, hawako hivyo.

Mwezi uliopita niliingia duka moja la Mazinde nikaomba chumvi. Kulikuwa na pakiti za kiwandani zenye maandishi yote yanayotakiwa, na chini kulikuwa na kiroba kilichofunguliwa mdomo, kopo la kupimia juu yake. Ile ya kiroba ilikuwa rahisi zaidi, na mvua ya usiku ilikuwa imeufikia upande mmoja, chumvi imeshikana mabonge. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoka. Chumvi ikilowa madini joto hupotea, na ukiitia kwenye sufuria mwanzo kabisa ikachemka na maharage saa mbili, hupotea zaidi. Wakati nangoja chenji, wanawake watatu walipimiwa kwa kopo. Watu pia huniuliza kuhusu kabichi, kwa sababu wamesikia huleta rovu. Kabichi mbichi nyingi, na muhogo usioandaliwa vizuri, kweli huizuia tezi kutumia iodini. Lakini huleta shida pale iodini yenyewe ilipo haba. Lushoto iendelee tu kulisha Dar es Salaam kabichi.

Shangazi alipasuliwa hatimaye. Saa tatu mezani, nusu kaputi, mpasuaji kijana aliyemchorea kwanza kwenye karatasi mahali neva zinapopita. Tezi karibu yote ilitoka, kwa hiyo kila alfajiri, kabla ya chai, anameza kidonge kimoja kidogo cheupe. Kabla ya vidonge hivyo kulikuwa na kondoo: mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle alianza kumtibu mwanamke kwa maji ya tezi za kondoo, naye akaishi miaka 28 zaidi, akiwa ametumia tezi za kondoo zaidi ya 800. Nilipomsimulia Shangazi alicheka mpaka akashika shingo.

Kicheko kilikuwa cha chini kidogo kuliko zamani. Wiki ya kwanza baada ya upasuaji sauti ilikwaruza, ikarudi polepole, isipokuwa ngazi moja ya juu. Mwalimu wa kwaya amemhamishia sauti ya pili. Kitenge kimeacha kuzunguka shingo, kimerudi kiunoni. Kovu limekuwa mstari mwembamba unaopinda. Jumapili ya Pasaka alivaa mkufu wa shanga nyeupe, nao ukalala sentimita moja juu yake. Akaniuliza kama linaonekana. Nikamwambia linaonekana. Akasema vizuri, akautelemsha mkufu.